Taya Tatu za Kerezo Kubwa

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, nilipigiwa simu na kijana mmoja mwenye adabu, mhadhiri msaidizi katika chuo cha uhandisi kule kwetu Likasi. Alisema chuo kinatengeneza kitabu cha historia yake, tangu kilipokuwa shule ya mafundi hadi leo kinapoitwa chuo kikuu, na kwamba amesikia nina picha ya zamani ya karakana. Nikuambie ukweli, nilifurahi. Kesho yake asubuhi nilitoka Lubumbashi na picha ndani ya bahasha, katikati ya vipande viwili vya katoni ili isikunjike.

Ofisini kwake alinipa kiti, akanipa na kurasa za kitabu kabla hazijapelekwa kuchapwa. Mimi husoma kitu kuanzia mwanzo, siruki, basi nikaanza ukurasa wa kwanza nikiwa bado nimesimama. Waanzilishi wamo. Wakurugenzi wamo wote, na tai zao. Nikafika kwenye mstari huu: "Katika miaka ya fujo, karakana iliporwa na wafanyakazi wake wenyewe." Chini ya mstari huo palikuwa na nafasi tupu ya mstatili, na ndani yake mtu ameandika kwa penseli: picha ya fundi.

Picha ya fundi ilikuwa mkononi mwangu. Fundi mwenyewe ni baba yangu.

Kile kiti sikukikalia. Ili ujue kwa nini, lazima kwanza nikupeleke Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi, katika nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na kibaraza, ambako nilizaliwa na kukulia.

Wakati huo chuo kilikuwa na jina fupi zaidi. Kabla baba hajaingia pale, kilikuwa shule tu ya kuwafundisha vijana wa kambi kufua chuma, kuchomelea na kufunga mitambo, ili kampuni ya shaba ipate mafundi. Baadaye, nchi ilipokuwa huru, kikaitwa taasisi. Halafu wakaja maprofesa, kikapewa idara za umekanika, umeme na madini, na watu wakaanza kukiita chuo kikuu hata kabla karatasi haijasema hivyo. Nimeona majina matatu kwenye lango lile kwa macho yangu. Kila jina lilikuwa refu kuliko lililotangulia, na kila lilipoongezeka herufi, karakana ilipungua kitu. Lakini katika utoto wangu karakana ilikuwa bado ndiyo moyo wa mahali pale. Madarasa yalijengwa kuizunguka, na mwanafunzi hakuweza kwenda maktaba bila kupita mlangoni mwake.

Jengo lilikuwa refu, la mabati, na madirisha yake yalielekea mashariki. Asubuhi za kiangazi, baridi ya Likasi inapokuuma masikio, mama alikuwa anawasha makaa nje, anapika uji wa mahindi wenye karanga, na tukiwa tunakunywa tulisikia tupa zikianza kazi kule juu. Krr, krr, krr. Tupa hamsini kwa pamoja. Mama alikuwa anasikiliza huku anakoroga, anasema, "Leo bapya njo bamefika," kwa sababu wageni walisugua haraka haraka kama mtu anayekuna upele, na wazoefu walisugua polepole.

Desturi ya pale ilikuwa hivi. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza, awe anataka kuwa mhandisi wa umeme au wa migodi, alipewa kipande cha chuma kilichokatwa kwenye reli kuukuu, tupa moja na jiliwa la kukibania. Kazi yake ilikuwa kukifanya mchemraba, nyuso sita zilizo sawa, pembe zote sawa, kwa mkono. Hakuruhusiwa kugusa mashine yoyote kabla ya kumaliza. Wengine walimaliza kwa wiki tatu, wengine kwa mwaka. Mkaguzi alikuwa baba. Alichukua mchemraba, akauwekea pembemraba ya chuma, akauinua usawa wa dirisha na kufumba jicho moja. Mwanga ukipita kati ya chuma na chuma, hata kama uzi, alimrudishia mwenyewe bila neno.

Kuna siku aliletwa kijana wa mkubwa mmoja wa mji, na mjomba wake alikuja naye kumwombea. Baba aliinua mchemraba dirishani, akaurudisha mezani. Yule mjomba akasema, "Fundi, ni mutoto ya nyumbani huyu. Mumusaidie."

Baba akamjibu, "Papa, minye nilishamusaidia. Njo mwanga inakatala. Mwanga haina shemeji."

Wanafunzi walicheka hadi tupa zikaacha kulia. Msemo ule ulitoka karakana ukashuka hadi sokoni. Mama wauza samaki waliotoka Kapolowe na makapu yao ya tilapia, mteja akibisha kuhusu uzito, waliinua mizani juu: "Mwanga haina shemeji, mama!"

Nilikuwa napeleka chakula cha mchana. Hiyo ilikuwa kazi yetu wasichana wa kambi: beseni la enameli kichwani, ndani yake bukari, ugali wetu, iliyofunikwa, mboga ya sombe au lengalenga, siku njema samaki. Karakana ilikuwa na mafundi saba, na mchana wote saba walikula kwenye benchi moja. Nilipenda harufu ya mle ndani, mafuta ya mashine na chuma cha moto, pamoja na vumbi jeupe la chokaa ambalo fundi mmoja aliyekaa Kakontwe alikuja nalo kwenye viatu vyake kila asubuhi. Katikati palikuwa na kerezo kubwa, mashine ya kukerezea chuma, ndefu kuliko gari. Ilihudumiwa na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Jirani yule alikuwa mtu wa kelele na utani, mwembamba, mwenye meno yaliyoachana. Aliweza kubana chuma kwenye zile taya tatu za kerezo, akaliwasha, na kukitoa chuma kikiwa laini kama ngozi ya mtoto. Nyuzi za chuma zilizojikunja alizikusanya, akatupa sisi watoto tuzivae kama bangili. Zilitukata mikono, na kesho tulirudi kuomba nyingine.

Kisha ikaja miaka ya fujo. Sitakueleza siasa yake, wengine wameieleza vizuri. Nakueleza tulichokiona Panda. Mishahara ilikoma. Usiku nyaya za umeme zilikatwa, na mchana watu walizipita sokoni wakijifanya hawajui zilikotoka. Shule ya msingi ikapoteza mabati, zahanati ikapoteza vitanda. Chuo kilifungwa, maprofesa wakaenda, mkurugenzi akaenda na gari la chuo. Waliobaki kulinda karakana ni mafundi saba, na langoni waliwekwa walinzi ambao hakuna aliyejua nani anawalipa. Walinzi wale walishaanza kuuliza mashine gani inaweza kuuzwa.

Msimamizi wa karakana, yule fundi wa Kakontwe mwenye chokaa viatuni, akawaita wenzake kwenye benchi la chakula. Nilikuwepo nikisubiri beseni. Alisema mwizi haibi mtumbwi usio na kasia. Kila fundi atoe kwenye mashine yake kile kipande ambacho bila hicho mashine haifai kitu, akifiche anakojua yeye. Mashine itabaki pale kama ng'ombe asiye na miguu, mwizi atapita. Amani ikirudi, kila mmoja atarudisha chake.

"Tuandike nani anabeba nini?" akauliza mmoja.

"Hapana kuandika," msimamizi akasema. "Karatasi iko na mulomo. Na hapana kuambiana. Banaweza kupiga muntu moja akataja bote saba."

Wakakubaliana. Waliapa kwa kugusa ile benchi, mmoja mmoja. Baba aliapa kwa uso mzito kama yuko kanisani.

Vipande vilitoka mchana kweupe, vichwani mwetu. Mabeseni yalipanda na bukari, yakashuka na chuma. Baba, mkaguzi asiye na mashine yake mwenyewe, alikuwa amechukua gia za kubadilishia mwendo wa kerezo, nane, kila moja imefungwa gunia lenye mafuta. Nilibeba mbili kwa siku, nimezifunika na lengalenga mbichi tuliyochuma kwenye bustani yetu nyuma ya karakana. Mama alitembea mbele yangu. Langoni mlinzi akanisimamisha.

"We mutoto, iko nini mule?"

"Lengalenga, papa."

"Lengalenga njo inakukunja shingo vile?"

"Iko na maji mingi."

Akanyoosha mkono, akachukua fungu zima la mboga juu ya beseni. Niliona ncha ya gunia ikitokeza. Mama aligeuka, mikono kiunoni. "Papa, kama unataka mboga, ambia bibi yako alime! Hii ni ya batoto. Ao unataka nikupikie pia?" Walinzi wenzake wakaangua kicheko, yeye akaona haya, akanirushia fungu lile usoni, nikalirudisha mahali pake. Nilishuka ile barabara nikijua kuwa nimebeba kichwani moyo wa mashine. Tuliziweka chini ya mahali pa kuku. Kila Jumamosi baba alizitoa, akazipaka mafuta, akazirudisha. Kuku walizoea.

Ila jirani, mwenye kerezo. Yeye alichukua zile taya tatu. Hiyo tulijua wote, maana siku moja kerezo lilikuwa na kinywa chenye taya, siku iliyofuata kinywa kitupu. Alikozificha, hakuna aliyejua.

Kisha wakubwa wa mkoa wakaanza kuwaambia baadhi ya watu kwamba hapa si kwao. Jirani yetu alizaliwa Panda, katika nyumba ile ile ya ukuta kwa ukuta. Babake aliletwa na kampuni kutoka mkoa mwingine kabla ya yeye kuzaliwa, na kwa hilo peke yake aliambiwa aende "kwao", mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Alienda na mke, watoto na magodoro kituo cha treni, pamoja na maelfu wengine. Walikaa pale wiki nyingi, wakilala chini ya mabehewa na maturubai, wakisubiri treni. Nyumba yao ilipata wenyeji wapya kabla majivu ya jiko lao hayajapoa. Wale waliokuja kuikalia tulisali nao kanisa moja.

Mama alipika, mimi nikabeba, baba akaenda nami. Ilikuwa saa nne asubuhi, treni imefika, watu wanapandisha watoto kwa madirisha. Jirani alikula amesimama. Alipomaliza kufuta vidole alimvuta baba mkono.

"Sikia. Zile taya, minye niliziweka—"

Baba akainua kiganja. "Hapana. Usiniambie."

"Weye! Treni iko inaenda."

"Tuliapa. Kila muntu na siri yake. Utarudi, utaleta mwenyewe."

Jirani akacheka na yale meno yake yaliyoachana. "Kumbe weye unapenda sheria kupita mashine." Akanishika kichwa, akapanda. Hakurudi. Miaka miwili baadaye tulisikia kwamba hakufika hata huko alikopelekwa. Aliugua njiani, wakamzika kando ya reli.

Nimemkasirikia baba kwa kiganja kile kuliko nilivyomkasirikia kwa jambo jingine lolote. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na nilitaka kupiga kelele, "Mwache aseme!" Sikupiga, maana watoto wa kwetu hawakatizi wakubwa. Baba aliwafundisha vijana wa watu kwamba kazi isiyo sawa hurudishwa bila neno, na kiapo kwake kilikuwa kama uso wa mchemraba, hakikuachia mwanga hata wa kumwokoa mwenyewe. Jioni ile hakula. Baadaye, asubuhi iliyofuata usiku ambao wenyeji wapya walikwenda mkesha wa kanisa, nilimwona akiwa na udongo kwenye kucha. Alichimba bustani ya jirani mara ngapi, sijui. Hakupata.

Amani ikarudi kwa namna yake, chuo kikafunguliwa na jina jipya langoni, refu kuliko lile la kwanza. Akaja mkurugenzi mpya, mwenye digrii ya ng'ambo. Akatangaza: yeyote mwenye mali ya chuo airudishe. Kati ya mafundi saba, jirani alikuwa ameenda na treni. Mwingine alikufa kwa kifua. Wakabaki watano.

Baba alivaa shati lake la Jumapili. Alitoa gia nane kwa kuku, akazifuta hadi zikang'aa, akazipanga ndani ya beseni la mama kuanzia kubwa hadi ndogo. Alikataa nimbebee. Alilibeba mwenyewe begani hadi chuoni, mwanamume na beseni la enameli, watu wa kambi wakimshangaa. Nilimfuata hadi dirishani kwa mkurugenzi. Walikuwa wanne: msimamizi wa Kakontwe, baba, na wengine wawili, kila mmoja na kipande chake kimepakwa mafuta. Wa tano hakuja. Yeye alikuwa ameuza chake zamani, akanyamaza.

Mkurugenzi alitazama zile gia. Hakuzigusa. Akasema, "Nani aliwapa ruhusa ya kuzitoa?"

"Direkta, wakati ule hapakuwa na muntu ya kuomba," msimamizi akajibu.

"Kuna barua?"

"Hapana barua."

"Kuna orodha? Nani alichukua nini, siku gani?"

Kwa karatasi ile waliyoikataa isije ikawasema, sasa hapakuwa na cha kuwasemea.

"Basi mmekiri," mkurugenzi akasema. "Mali ya chuo ilikuwa nyumbani kwenu. Na taya za kerezo ziko wapi?"

Wote wanne walijua aliyezichukua. Hakuna aliyemtaja, alikuwa ameshazikwa kando ya reli. Wakaandikiwa ripoti, ikatiwa saini, wakafukuzwa wote wanne kwa wizi. Wa tano, aliyeuza, alibaki kazini. Alistaafu juzi juzi kwa sherehe na cheti kwenye fremu. Nilikuta jina lake ndani ya kile kitabu, miongoni mwa "watumishi waaminifu".

Baba alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. Sijawahi kumsikia akiomba kitu kabla ya siku ile wala baada yake. "Direkta, zile taya ni bipande bitatu tu. Unipe chuma, unipe tupa na wiki tatu, nitazitengeneza. Hata bila mushahara."

"Wewe si mfanyakazi wa chuo tena," mkurugenzi akasema.

Fikiri nami, rafiki. Chuo cha uhandisi. Maprofesa wa umekanika, wenye digrii za ng'ambo, wanafunzi mamia, na gia zote nane ziko mezani zinang'aa. Kilichopungua ni vipande vitatu vya chuma vinavyoenea kwenye kiganja. Waliandika kwamba kerezo "limekufa". Likafuatiwa na mashine zilizobaki, moja moja, zikiwamo zile ambazo vipande vyake vilikuwa vimerudishwa, maana hapakuwa na mtu aliyejua kuvirudishia. Wanne waliojua walikuwa wamefukuzwa, na wa tano hakujua ila mashine yake mwenyewe. Lori la mfanyabiashara wa vyuma chakavu lilikuja saa tano asubuhi. Walikata kerezo kwa moto vipande vinne ili lienee. Kulikuwa na karatasi yenye mihuri mitatu, na walinzi wa lango walipiga saluti. Kile ambacho wezi wa miaka ya fujo walishindwa kukitoa, kilitolewa na wasomi kwa risiti.

Baba aliishi miaka tisa baada ya hapo. Alichonga majembe na kuchomelea masufuria chini ya kibaraza chetu. Kuna watu waliomletea kazi, na kuna waliovuka barabara wakimwona. Wanafunzi wake wa zamani, wahandisi wakubwa wa migodi ya siku hizi, walipita Panda na magari yenye vioo vyeusi. Wawili tu walisimama. Alipokufa, chuo hakikutuma hata mtu.

Haya yote nilimweleza yule kijana mhadhiri, nimesimama, na kurasa zake mkononi. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Alikuwa ameandika mstari ule kutoka kwenye ripoti ya wale wanne, ndiyo karatasi pekee iliyobaki.

"Mama, minye naandika kile archive inasema," aliniambia kwa upole. "Uko na document yoyote?"

"Niko na macho. Nilibeba zile gia na hii kichwa."

"Naelewa, mama. Lakini macho hatuwezi kuweka mu référence, kule chini ya ukurasa."

Alikwenda kwa wakubwa wake, akarudi baada ya saa nzima na suluhu. Mstari ule utafutwa. Badala yake karakana haitatajwa kabisa; historia itatoka kuanzishwa kwa shule hadi ujenzi wa majengo mapya. Kwa hiyo hakuna atakayeitwa mwizi. Alikuwa anatabasamu, akidhani ameniletea zawadi.

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kushika tupa. Akasema katika masomo yake ya umekanika waliliona kerezo kwenye mchoro, ubaoni, na baadaye kwenye video. Hakusema kwa aibu, wala sikuona kosa lake. Nilimwomba karatasi, nikaandika palepale juu ya meza yake ukurasa mmoja: mafundi saba, nani alichukua nini, nani alirudisha, nani aliomba tupa na wiki tatu. Nikatia saini yangu na tarehe. Akaahidi kuifikisha. Picha niliondoka nayo.

Kabla ya kushuka nilipita karakana. Jengo la mabati bado lipo. Limepakwa rangi ya maziwa, limewekwa dari ya plastiki na viti vyekundu. Siku za wiki linatumika kwa mitihani, Jumamosi linakodishwa kwa harusi. Dada aliyekuwa anafagia aliniuliza kama nimekuja kuona ukumbi kwa ajili ya kuweka tarehe ya harusi.

Kitabu kimetoka mwezi uliopita. Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa tatu wa umekanika pale pale, alimletea mama nakala. Mama sasa ni mzee, macho yake hayafai kwa herufi, naye bado anakaa kwenye nyumba ile ya kambi. Nilikuwa nimekuja kumsalimu. Tulikuwa kibarazani, anachambua sombe, na kijana akamsomea kitabu chote kuanzia mwanzo, mkurugenzi kwa mkurugenzi. Mama alisubiri kwa uvumilivu. Alipofika majengo mapya, mama akamkatiza.

"Na atelye?"

"Atelye gani, kambo?" Kwetu bibi tunamwita kambo, na karakana tunaiita atelye.

"Atelye ya chuo. Kwenye kambo yako mwanaume alikuwa anatumika kazi."

Kijana akageuza kurasa mbele na nyuma. Hakuipata. Ukurasa wangu haukuwemo, hata mstari wake mmoja. "Chuo haina atelye, kambo," akasema. "Haikuwakaka na atelye."

Mitihani ya miaka mitatu ameifanyia mle ndani, amekaa pale ambapo kerezo lilisimama, na hakudanganya: kwa yote aliyofundishwa, karakana haijawahi kuwepo. Nilishikwa na hasira hadi nikasimama, nikaanza kusema, nikasema mengi, ya kerezo, ya mkurugenzi na ya lori na ya mhadhiri na zawadi yake. Mama aliniacha nimalize.

"Jina ya baba yako haiko mule?" akaniuliza.

"Haiko, mama."

"Njo vizuri. Minye niliogopa bangemuweka pamoja nabo."

Akarudi kwenye majani yake. Yeye amewahukumu, akafunga kesi, na sidhani kama chuo kile kitamwona tena akigeuza shingo kukitazama. Mimi sijafika alikofika. Shaba ya nchi hii inaondoka kila siku kwa malori marefu kupita mlangoni petu, na wahandisi wanaoisimamia wanaagiza kutoka ng'ambo kila bolti inayokatika, wakati watu waliojua kuichonga waliitwa wezi, kisha wakafutwa ili wasiaibishe mtu. Hiyo ndiyo historia ya chuo chetu, nami nimekuandikia wewe kwa kuwa chuo kimekataa kuiandika. Kijana aliniangalia nilipokaa tena, akafunika kitabu.

"Mama mudogo," akaniambia taratibu, "basi unionyeshe. Mule mu ukumbi. Ile kerezo ilikuwa inasimama wapi?"

Nikavaa viatu, tukaenda.